Gesi ya bomba au briketi za makaa ya mawe? Nimepikia zote, maoni yangu haya hapa

Naona watu wanauliza kila siku kipi bora jikoni, gesi asilia au hizi briketi zinazotengenezwa na makaa ya mawe, alafu wengi wanaojibu hawajawahi kupikia hata kimoja. Mi niko Mtwara, nyumbani nina gesi ya bomba, na kwenye shughuli za watu, harusi, maulidi, misiba, napika nje kwenye majiko makubwa na huko ndo briketi nimezitumia sana. Niseme mapema kabisa: gesi ya bomba naipa 9 kwa 10, briketi naipa 5 ukipikia nje. Ndani ya nyumba sizipi hata moja na nitaeleza kwanini.

Kwanza tuelewane, gesi ninayoisema hapa sio ya mtungi. Ya mtungi inaletwa na meli kutoka nje. Hii ni gesi yetu, inatoka Mnazi Bay hapa kwetu na Songo Songo kule Kilwa, ile ya Songo Songo tangu 2004 inachomwa Ubungo kule Dar kutoa umeme, na hii ya Mnazi Bay tangu 2015 inakwenda Dar kwa lile bomba kubwa. Makaa ya mawe nayo ni yetu, Ngaka kule Mbinga, Kiwira, Mchuchuma kule Ludewa, yani hakuna wa kumwambia mwenzie kwamba chake ndo cha nyumbani.

Haya tuje kwenye moto wenyewe. Gesi ukiwasha imewaka, moto wa bluu, sufuria nyeupe inabaki nyeupe. Ila kilichonifanya niipende ni tui. Kila anayepika samaki wa nazi anajua tui zito likipata moto mkali linakatika, na kwenye mkaa unahangaika kutoa makaa na kurudisha makaa huku mkono mwingine unakoroga, ila kwenye gesi unazungusha kitufe kidogo tu moto unashuka hapo hapo, tui linatulia linachemka taratibu mpaka mafuta yanaanza kuonekana juu na halijakatika. Kwa mapishi yetu ya pwani hicho kitu ni kikubwa sana jamani, sio cha kupuuza.

Briketi haziko hivyo. Zinachelewa kushika, lazima uanzishie na vijiti au mkaa wa kawaida kidogo, alafu zile dakika za mwanzo zinatoa moshi mzito wenye harufu ya kiberiti, ni salfa iliyomo kwenye makaa yenyewe, kwaiyo unawasha mbali na watu unasubiri mpaka zikolee zote ziwe nyekundu na moshi uishe ndo unabandika. Ukibandika mapema chakula kinanusa, hasa wali. Lakini zikishakolea, hapo nazisifia kwa moyo mmoja, zinakaa. Maharage ya shughuli, makande, supu ya makongoro, unabandika unaenda kukata vitunguu na kuchambua mchele na ukirudi moto uko vile vile, huongezi kila saa kama mkaa wa miti. Kwa sufuria kubwa la kuchemka muda mrefu ni moto mzuri. Tatizo ukimaliza kupika hauzimiki, ukimwagia maji linaruka vumbi la majivu na mvuke usoni, na majivu yake ni mengi kweli, unajaza ndoo. Alafu uziweke pakavu. Masika kuna muuzaji aliniuzia mfuko uliokwisha nyonya unyevu, ukishika kibriketi kinameguka mkononi, nusu ya mfuko ikawa vumbi, kwaiyo ukinunua fungua mfuko hapo hapo dukani uvunje kimoja, kikivunjika kwa vidole viwili tu usichukue.

Kitu kimoja gesi imenishinda ni kupalia. Wali wa nazi bila makaa juu ya mfuniko mi bado sijaridhika nao, napunguza moto mpaka mwisho na nafunika vizuri, unaiva ndio, ila juu haukauki vile. Briketi juu ya mfuniko nazo sishauri, ile harufu inaweza kuingia. Kwaiyo kwenye kupalia mkaa wa kawaida kidogo bado naweka, hapo ndo pointi moja ya gesi ilipokwenda.

Sasa usalama, na hapa naomba msome polepole. Kwenye briketi hatari kubwa ni monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye makaa yoyote yanayowaka, na inatoka hata moshi ukishaisha. Watu wanafikiri moshi umeisha basi ni salama, wanaingiza jiko chumbani wapate joto wanafunga mlango wanalala, na hawaamki. Haya makaa ya mawe yanachimbwa mikoa ya baridi, Njombe, Ruvuma, na kule Songwe na Mbeya, Juni na Julai baridi inakata, na ndo maana nina wasiwasi zaidi huko. Ndugu zangu wa huko, jiko libaki nje. Libaki nje hata kama mtoto analia baridi, muongezee blanketi.

Gesi nayo inaweza kuua, tusidanganyane. Ikivuja na ukawasha kiberiti au hata swichi ya taa, inalipuka. Ila gesi asilia sehemu kubwa ni methane, nyepesi kuliko hewa, inapanda juu, kwaiyo jiko lako liwe na matundu ya hewa juu karibu na dari. Ya mtungi ni nzito inatambaa chini sakafuni, matundu yake yawe chini. Ukisikia ile harufu (inaongezwa makusudi, gesi yenyewe haina harufu) funga valvu, fungua madirisha, toka nje, usiguse swichi. Na usichukue jiko lako la mtungi ukaliunga kwenye bomba hivi hivi, nozo zake ni za tundu dogo, moto utakuwa hafifu utadhani gesi ni mbovu, mwite fundi abadilishe nozo.

Kuhusu mazingira sitakaa sana. Kwa joto lile lile, makaa ya mawe yanatoa kaboni dayoksaidi karibu mara mbili ya gesi, ongeza salfa na vumbi. Watu wa Lamu walipigana na mradi wa mtambo wa umeme wa makaa wa megawati 1,050 mpaka leseni ya mazingira ikafutwa 2019, na mi niko upande wao. Lakini gesi sio safi kabisa, methane ikivuja njiani inapasha joto dunia kuliko hiyo kaboni, kwaiyo mabomba yakaguliwe.

Kinachoniuma ni kwamba hilo bomba kubwa linapita vijiji vingi vya Mtwara, Lindi na Pwani ambako kina mama bado wanapikia kuni, na hata mjini mitaa mingi haijaungwa. Na sasa serikali imezikataza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kutumia kuni na mkaa, kwaiyo shule nyingi zilizo mbali na bomba zitakimbilia briketi, naziona zinakuja. Walimu wakuu mnaosoma hapa, kabla hamjaagiza lori la briketi jengeni dohani na madirisha pande mbili za jiko, maana wapishi wenu wanasimama humo kuanzia alfajiri mpaka chakula cha mchana kitoke.