Tathmini: Ziara ya miguu mjini Roma kuhusu kuhani Valerius Flaccus

Kampuni ndogo inayoendesha ziara hii imefanya uamuzi wa busara. Badala ya kumsomea mgeni orodha ya miiko ya makuhani wa kale, inamfuata mtu mmoja, Gaius Valerius Flaccus, kijana wa ukoo mkubwa ambaye mwaka 209 KK alifanywa flamini wa Jupiter, yaani kuhani wa mungu mkuu wa Warumi, bila ridhaa yake, kwa kuwa alikuwa ameponda raha kupita kiasi na mkuu wa makuhani, Publius Licinius, aliona wadhifa huo utamrekebisha.

Kwa mpangilio huo miiko inapata uzito wake. Flamini wa Jupiter hakuruhusiwa kupanda farasi, kutazama jeshi lililojipanga kwa vita, kugusa mbuzi, nyama mbichi au maharage, wala kula kiapo; hata kucha zake zilipokatwa, zilifukiwa chini ya mti wenye heri. Kwa kijana ambaye jamaa zake walijijengea jina kwa vita na vyeo, hayo yalikuwa sawa na kuzuiwa njia. Mwongoza watalii alieleza kwa ufasaha jinsi Flaccus alivyojirekebisha, akadai kiti cha Seneti, baraza kuu la Roma, ambacho watangulizi wake walikuwa wameacha kukitumia, akatolewa nje, akakata rufaa kwa matribuni, maofisa waliotetea raia wa kawaida, na kushinda. Alipochaguliwa kuwa edili, yaani ofisa wa mambo ya mji, wa mwaka 199 KK, sheria ilimtaka aape ndani ya siku tano, jambo ambalo ukuhani ulimkataza. Ndugu yake Lucius akaapa kwa niaba yake, kwa idhini ya kura ya raia. Sehemu hii pekee inatosha kuipendekeza ziara.

Dosari iko kwenye kituo cha mwisho, madhabahu ya Ara Pacis, ambako wageni wanaachwa wadhani kwamba wanamtazama Flaccus, ilhali madhabahu hayo yaliwekwa wakfu mwaka 9 KK, karibu karne mbili baadaye. Hata hivyo, makuhani waliochongwa upande wa kusini, nyuma ya Kaisari Augustus, wanastahili muda zaidi ya tuliopewa: kofia zao zimebana kichwa, na utosini kimesimama kijiti kilichochongoka.

Mpenzi wa historia ya siasa atapata thamani ya fedha yake. Anayetaka kumjua flaminika, mke ambaye kifo chake kilimlazimu kuhani kujiuzulu, atabaki na kiu, kwani ametajwa mara moja tu, tena kwa haraka.