Sabuni ya Taulo Nyeupe: Ipi Inunuliwe Kwanza, Ipi Iachwe Rafuni

Taulo nyeupe haichafuki siku moja. Inafubaa. Wiki baada ya wiki inafuliwa, inaanikwa, inakunjwa, na macho yanaizoea, mpaka siku unapoiweka kando ya taulo mpya ndipo unagundua kwamba hiyo unayoiita nyeupe ina rangi ya majivu. Hapo wengi wetu tunanunua sabuni iliyo kali zaidi, au tunaongeza kipimo cha ile iliyopo. Mimi nilifanya yote mawili kwa miaka, na taulo zangu zikazidi kuwa ngumu na nzito, weupe hauonekani.

Kilichonisaidia ni kugeuza pakiti na kusoma nyuma. Mbele ya pakiti kila sabuni ni bingwa wa weupe. Nyuma, kwenye maandishi madogo, ndiko unakojua kama ndani mna kitu cha kutoa doa au mna povu na manukato tu. Ndiyo maana hapa nimepanga aina za sabuni, sikupanga majina ya kampuni. Kampuni ile ile inaweza kuuza sabuni ya unga nzuri sana kwa taulo na ya maji isiyong'arisha chochote, zote zikiwa na nembo moja.

Kabla ya kununua, jua unapambana na nini. Vile vitanzi vya pamba vinavyoifanya taulo inywe maji ndivyo vinavyoshika mafuta ya mwili, ngozi iliyokufa, jasho, losheni na mabaki ya sabuni ya kuogea. Mafuta yanahitaji viini vya sabuni vya kuyang'oa. Damu, jasho na maziwa vina protini, na protini humeng'enywa, yaani hukatwakatwa na vimeng'enya (enzaimu). Chai, kahawa, divai na juisi huacha rangi, na rangi haing'oki kwa kusugua, inapaushwa. Sabuni unayotaka ni ile inayoweza kazi zote tatu. Nyingi zinaweza moja, au mbili.

Namba 1: Sabuni ya unga yenye oksijeni na vimeng'enya

Hii ndiyo ya kwanza, na inaziacha nyingine mbali. Nyuma ya pakiti tafuta sodiamu pakaboneti. Ni unga mweupe ambao ukiingia majini unagawanyika kuwa soda na peroksidi ya hidrojeni, na peroksidi hiyo ndiyo inayovunja rangi ya doa. Ikimaliza kazi inabaki maji na oksijeni. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1907 kampuni ya Henkel ya Ujerumani ilitoa Persil, sabuni ya unga iliyochanganywa na perborati, kipaushi kingine cha oksijeni, ili nguo ing'ae bila kusuguliwa, na jina lake likatokana na maneno perborati na silikati. Leo pakaboneti imechukua sehemu kubwa ya nafasi ya perborati.

Kuna jambo moja ambalo pakiti nyingi hazilisemi kwa sauti: pakaboneti peke yake hupenda maji ya moto. Chini ya nyuzijoto 40 inafanya kazi kwa uvivu, na kwenye nyuzi 60 inafanya kazi vizuri sana. Kama unafua kwa maji ya vuguvugu, tafuta pia herufi TAED kwenye orodha. Hicho ni kiamshi kinachoungana na peroksidi na kuiwezesha kung'arisha hata kwenye nyuzi 30 au 40. Sabuni yenye pakaboneti, TAED na vimeng'enya ndiyo ninayoiita kamili. Isiyo na TAED bado ni nzuri, mradi una maji ya moto.

Angalia usichukue pakiti ya jirani yake. Sabuni ya unga iliyoandikwa kwamba ni ya nguo za rangi kwa kawaida imeondolewa kipaushi makusudi, ili isichujishe nguo. Ni sabuni nzuri kwa kazi yake, lakini taulo nyeupe itakaa humo miezi na kutoka ilivyoingia.

Kuna tofauti nyingine inayowagharimu watu: sabuni ya kufulia kwa mikono hutengenezwa itoe povu jingi, kwa kuwa mfuaji hupenda kuliona. Kwenye mashine yenye mlango wa mbele povu hilo linakuwa mto. Nguo hazigongani, uchafu hautoki, na kusuuza hakuishi. Mwenye mashine anunue ya mashine. Anayefua kwenye beseni hana tatizo, ila ajue kwamba povu halipimi usafi.

Namba 2: Poda ya oksijeni, ya kuongeza juu ya sabuni yako

Kama una sabuni unayoipenda na haina kipaushi, usiitupe. Nunua kopo la pakaboneti lenyewe, lile linalouzwa kama kiondoa madoa cha oksijeni. Hapa pia soma nyuma, kwa sababu makopo hutofautiana sana: moja lina pakaboneti nyingi, lingine limejazwa soda ya kufulia na pakaboneti kidogo. Linganisha kiasi cha pakaboneti, siyo ukubwa wa kopo.

Ninaiweka ya pili kwa sababu inadai kazi ya ziada, lakini kwa taulo zilizokwisha fubaa sijaona kinachoishinda. Iyeyushe kwanza kwenye maji ya moto kadiri taulo inavyoruhusu, zamisha taulo zote zifunikwe, ziache saa kadhaa, kisha zifue kama kawaida. Maji yatakayobaki kwenye beseni yatakuonyesha kilichokuwa ndani ya taulo ulizodhani ni safi. Mara ya kwanza nilishtuka.

Changanya kiasi cha matumizi ya siku hiyo tu. Baada ya saa kadhaa nguvu ya mchanganyiko imekwisha. Na usiutie kamwe kwenye chupa ukafunga kifuniko: oksijeni inaendelea kutoka, shinikizo linapanda, na chupa hupasuka. Sufu na hariri zisiguswe na poda hii. Watu wengine huongeza siki humo humo wakidhani wanaipa nguvu. Wanaipunguza, maana pakaboneti hutaka maji yenye alkali na siki ni asidi.

Namba 3: Sabuni ya maji yenye vimeng'enya

Kwa mafuta, hii ni hodari. Unaimimina moja kwa moja juu ya doa la losheni, vipodozi au mafuta ya kupikia, unaisugua kwa vidole, unaiacha dakika 15, na doa linalegea. Kwenye orodha tafuta protizi kwa damu na jasho, amilezi kwa wanga, na lipezi kwa mafuta. Selulezi nayo ni nzuri kwa taulo kuukuu, kwa kuwa hula vinyuzi vilivyosimama juu ya pamba na kuifanya isionekane imechakaa. Vimeng'enya hivi vinapenda vuguvugu. Maji yanayochemka huviharibu kabla havijaanza kazi.

Kwa nini basi ni ya tatu? Kwa sababu haina kipaushi. Peroksidi haikai salama miezi mingi ndani ya chupa moja na vimeng'enya, kwa hiyo watengenezaji huiacha nje. Ukitumia sabuni ya maji peke yake kwa taulo nyeupe, mafuta yatatoka na rangi ya chai itabaki. Ukiiunganisha na namba 2, umepata karibu kila kitu kilichomo kwenye namba 1.

Vidonge laini vya kutumbukiza kwenye mashine vingi ni sabuni hii hii ya maji iliyokolezwa ndani ya utando. Vinakuokoa na kazi ya kupima, lakini vinakunyima nafasi ya kubadili kipimo. Nyumba yenye watoto wadogo ivifungie mbali, kwani vinafanana na peremende na vikipasuka machoni au mdomoni vinaumiza vibaya.

Namba 4: Sabuni ya mche

Sitaki kuidharau. Kwa kusugua pindo la taulo au alama ya vipodozi vya macho, kipande cha sabuni kinakupa udhibiti ambao unga hauna. Lakini kama ni sabuni ya asili, iliyopikwa kwa mafuta na soda kali, ina udhaifu mmoja mkubwa: maji magumu. Kalsiamu na magnesi zilizomo kwenye maji hayo hushikana na sabuni na kuwa utando usioyeyuka, ule unaobaki kama ukoko pembeni mwa beseni. Utando huo huo unajaa kwenye vitanzi vya taulo, na ndio sehemu kubwa ya ule ujivu. Kama birika lako huota magamba meupe na sabuni inakataa kutoa povu, maji yako ni magumu. Sugulia mche kwenye doa, kisha fulia taulo nzima kwa unga.

Namba 5: Klorini

Najua wengi wataniuliza kwa nini jiki, yaani kipaushi cha klorini, iko chini hivi wakati inang'arisha mbele ya macho. Ni kweli inang'arisha, na inaua vijidudu, na kuna siku nitaitumia. Tatizo langu ni gharama yake kwa taulo. Ikitumiwa mara kwa mara inadhoofisha nyuzi za pamba mpaka taulo inachanika kwenye pindo. Kwenye polista na nyuzi za kunyumbuka, ambazo mara nyingi zimo kwenye mapambo ya taulo, inaweza kuleta umanjano badala ya weupe. Doa la kutu huligandisha kabisa. Sufu na hariri inazila.

Na kuna usalama. Klorini isikutane na siki, limau, kiondoa kutu wala asidi yoyote, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini. Isikutane na amonia, maana hutoa gesi nyingine zinazochoma mapafu. Hata nepi au shuka yenye mkojo isuuzwe kwanza. Watu wameumia kwenye vyumba vidogo vya kufulia kwa kuchanganya dawa mbili zilizo salama kila moja peke yake. Ukiitumia, ipunguze kwa maji ya baridi kama chupa inavyoelekeza, fungua dirisha, vaa glavu, na suuza sana.

Vinavyobaki rafuni

Buluu ya kufulia haitoi uchafu. Inatia rangi kidogo ya buluu ili jicho lisione umanjano. Kwenye taulo safi inapendeza, kwenye taulo chafu inaleta ujivu wa buluu. Ving'arishi vilivyomo kwenye sabuni nyingi vina hila ya aina hiyo: humeza miale ya jua isiyoonekana na kutoa mwanga wa buluu. Ndiyo maana taulo inameta ukiwa nje na kuonekana njano chini ya taa ya bafuni. Sivipingi, ila usivilipie ukidhani ni usafi.

Kilainishi cha nguo ndicho ninachokikataa bila kusita. Hupaka nyuzi utando wa mafuta, taulo ikawa laini mkononi na mbovu mwilini, kwa sababu hainywi maji tena. Utando huo pia hushika uchafu wa mzunguko unaofuata.

Madoa yanayobadili uamuzi wako

Damu ianze na maji ya baridi siku zote. Moto unaigandisha kwenye uzi. Manjano ya kupikia yatakutisha, kwa kuwa yakikutana na sabuni hugeuka mekundu. Usikate tamaa: rangi yake haivumilii jua, kwa hiyo fua, kisha anika juani ikiwa bado mbichi. Kutu haitaki kipaushi chochote, inataka asidi ya limau au kiondoa kutu, na kusuuzwa kabisa kabla ya dawa nyingine.

Doa linalowasumbua wengi bila kulijua ni la mafuta ya kujikinga na jua. Yale yenye avobenzoni hukutana na chuma kidogo kilichomo majini na kuacha alama za rangi ya chungwa. Ukimwagia klorini zinakolea. Zianze kwa sabuni ya maji ili mafuta yatoke, kisha zitibu kama kutu. Na kama nyumbani kuna anayepaka dawa ya chunusi yenye benzoili peroksidi, mpe taulo nyeupe, maana dawa hiyo hupausha taulo za rangi na hakuna sabuni itakayorudisha rangi hiyo.

Kabla ya pasi au mashine ya kukaushia, itazame taulo kwenye mwanga. Doa lililobaki likipata joto hilo, kulitoa ni kazi mara tatu. Usiijaze mashine mpaka juu, kwa sababu taulo ikilowa ni nzito na inahitaji nafasi ya kuanguka. Na ikauke haraka: ule mvundo wa taulo iliyokaa na unyevu unahusishwa na bakteria aitwaye Moraxella osloensis, na manukato hayamwondoi. Anachoogopa ni maji ya nyuzi 60 na kipaushi cha oksijeni.

Ukishanunua na kufua mara mbili au tatu, fanya jaribio hili. Chukua taulo kavu, dondoshea matone machache ya maji. Yakizama papo hapo, sabuni yako na kipimo chako vinafaa. Yakikaa juu kama shanga, ndani bado kuna utando, na nyongeza ya sabuni haitausaidia. Punguza kipimo, loweka tena kwa poda ya oksijeni kwenye maji ya moto, suuza mara moja zaidi, kisha dondoshea tena.