Kisahani cha piezo cha milimita 27: kinajua kugongwa, hakijui kupima mzigo

Visahani hivi vimejaa kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki Kariakoo, bei yake ndogo, na lawama zake nyingi. Mara nyingi kisahani hakina kosa. Kimepewa kazi isiyo yake.

Ni bamba jembamba la madini ya njano, kama yale ya kufuli, lililogandishwa duara la kauri la milimita 20 hivi lenye uso wa fedha. Kauri hiyo ni mchanganyiko wa risasi, zirkoni na titani. Ukiikandamiza au kuipinda, chaji chanya na hasi zilizomo zinasogea kidogo na volti inatokea kati ya fedha na bamba. Ukiachia, volti inatokea tena, safari hii ikiwa imegeuka: palipokuwa chanya panakuwa hasi. Jacques Curie na mdogo wake Pierre walilionyesha jambo hili mwaka 1880, wakitumia fuwele.

Chaji hiyo lakini haikai. Kisahani kina kapasita, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, ya nanofaradi 20 hivi, na maltimita ya kawaida ina ukinzani wa megaohm 10. Zidisha, unapata sekunde 0.2: ndiyo kadiri ya muda inaochukua chaji kuvuja kupitia maltimita. Weka juu yake kilo moja ya sembe: namba inaruka, na sekunde haiishi imesharudi karibu na sifuri, sembe ikiwa palepale. Piezo inahisi nguvu inapobadilika; ikitulia, kwake ni kama haipo. Anayetaka mizani anunue loadi seli, yaani kihisi cha uzito, na bodi yake ndogo ya HX711 ya kuisoma, asijisumbue na hiki.

Kwa kugongwa tunakipa tisa kwa kumi. Kengele ya mlango, king'ora cha dirisha, ngoma ya kielektroniki, vyote kinavimudu. Funga rezista ya megaohm 1 sambamba na kisahani, nyingine ya kilo-ohm 10 kuelekea pini ya Arduino (bodi ndogo ya kompyuta itakayosoma ishara), kisha zena, yaani diodi ya kuzuia volti isizidi kiwango, ya volti 5.1 kutoka pini hadi graundi. Zena usiiruke: pigo kali linatoa makumi ya volti, na pini ya Arduino Uno haitakiwi kuzidi 5. Usikigandishe chote kwenye chuma kigumu, maana kikikosa nafasi ya kupinda kinazubaa.

Kwenye muziki, sita. Ukikichomeka moja kwa moja kwenye laini ya miksa yenye ukinzani wa kilo-ohm 10, sauti za chini ya hertz 800 hivi zinaanza kufifia, na udi wa taarabu unalia kama redio ya mfukoni. Pitisha kwanza kwenye kikuza sauti kidogo chenye ukinzani wa kuingilia wa megaohm 1 au zaidi, besi inarudi. Waya uwe wa maikrofoni, wenye nyuzi za kukinga, nazo ziungwe kwenye bamba; bila hivyo utasikia mvumo wa hertz 50 wa umeme wa nyumbani.

Dukani, ukiomba piezo unaweza kupewa baza nyeusi yenye alama ya kujumlisha. Hiyo mara nyingi ina sakiti yake ndani: inalia tu, haihisi. Nenda na maltimita inayopima kapasita. Ikisoma karibu nusu ya nanofaradi 20, kauri imepasuka hata kama ufa hauonekani. Na muuzaji anayekipinda kwa vidole ili kukuonyesha ubora wake, mwachie hicho hicho.

Chagua vilivyokwisha kuungwa waya. Vya kuunga mwenyewe vinaharibika sana kwenye lehemu: pasi ikikaa zaidi ya sekunde mbili juu ya fedha, fedha inabanduka, na joto linaipunguzia kauri uwezo wake. Kwaruza kwanza taratibu, weka lehemu kidogo, gusa, ondoa.

Kwa watakaokifunga Kigamboni, Kunduchi au popote upepo wa chumvi unapofika, paka rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka moja jembamba, hasa pembezoni mwa kauri. Unyevu ukitanda pale, chaji inavuja kabla sakiti haijaiona.