TAHADHARI: Magari ya rimoti "tayari kwa mashindano" yanayouzwa Nakuru na Kisumu

Wapenzi wa magari ya rimoti wa Nakuru, Kisumu, Eldoret na Kakamega, someni hili kabla hamjatuma hata shilingi moja.

Kuna muuzaji anayetangaza magari ya zamani ya umeme ya kushindania kwenye lami, ya ukubwa wa 1:10 (moja ya kumi ya gari halisi), hasa Tamiya TT-01. Anadai yametoka Uingereza yakiwa yametumika kidogo na kwamba tayari yamefungwa gia za mashindano. Mnunuzi akiwa Kisumu, yeye husema yuko Nakuru. Mnunuzi akiwa Nakuru, yeye yuko Kisumu, kisha anaomba malipo ya kushikilia gari na mzigo utumwe kwa matatu. Jina lake hatuliweki hapa kwa sababu hubadilisha ukurasa na laini ya simu kila mara, na anayekariri jina moja atanaswa na la pili. Kisichobadilika ni madai yake: kasi ya kilomita 80 kwa saa, mota ya resi, betri ya 5000mAh, beringi kamili. Madai hayo yote yanapimika kwa rula, mizani ya jikoni na kikokotoo cha simu.

Anzeni na kasi. Ndani ya TT-01 kuna upunguzaji wa mzunguko wa 2.6 ambao haubadiliki. Mbele yake kuna gia kubwa ya plastiki inayosukumwa na pinioni, yaani ile gia ndogo iliyofungwa kwenye shafti ya mota. Gari hutoka kiwandani na gia kubwa ya meno 61 na pinioni ya meno 19. Gawanya 61 kwa 19, zidisha kwa 2.6, unapata 8.35. Mota huzunguka mara 8.35 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Tairi la magari haya lina kipenyo cha milimita 63 hivi, kwa hivyo mzunguko mmoja husogeza gari kama sentimita 19.8. Mota ya kawaida ya 540, ile yenye kopo la rangi ya fedha, huzunguka takriban mara 15,000 kwa dakika kwa volti 7.2 bila mzigo. Jibu ni kilomita 21 kwa saa. Ukiweka gia kubwa ya meno 55 na pinioni ya 25, uwiano hushuka hadi 5.72 na kasi hupanda hadi 31. Hapo bado hujatoa upepo na msuguano. Ili gari hilohilo lifike 80 kwa uwiano wa 5.72, mota ingelazimika kuzunguka zaidi ya mara 38,000 kwa dakika huku imebeba gari zima. Mota ya kaboni (inayopokea umeme kupitia vipande vya kaboni) iliyo kwenye picha za tangazo haiwezi. Mwambie muuzaji akupe idadi ya meno ya gia zote mbili. Aliyefunga gia mwenyewe huijua bila kufikiri, na asiyeijua hakufunga kitu.

Balaa kubwa zaidi liko kwenye pinioni, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa za wengi zinapopotelea baada ya gari kufika. Gia za TT-01 ni za moduli 0.6; moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino. Magari mengine ya miaka ileile, kwa mfano Associated TC3, hutumia gia za kipimo cha 48, yaani meno 48 kwa kila inchi ya kipenyo. Tundu la pinioni hizo zote ni lilelile la milimita 3.175, kwa hivyo pinioni ya TC3 huingia kwenye mota ya TT-01 bila kulalamika. Meno ndiyo hayalingani. Kwenye moduli 0.6, kutoka jino hadi jino ni milimita 1.885. Kwenye 48 ni milimita 1.66. Tofauti ya robo milimita inaonekana ndogo, lakini meno hupandana badala ya kuingiana, na kwa kuwa pinioni ni chuma na gia kubwa ni plastiki, plastiki ndiyo hunyolewa. Raundi chache tu kwenye lami na gia kubwa haina meno. Mota inalia, gari limesimama.

Muuzaji huyu huficha jambo hilo kwa grisi nzito. Grisi huzima ule mlio mkali na kushika unga wa plastiki usimwagike. Ukifungua kifuniko cha gia ukakuta grisi ina chembe za plastiki kama unga wa sabuni, gari hilo limekwisha kuharibiwa tayari, hata kama bodi yake inang'aa. Kwenye TT-01 grisi hutakiwa kwenye difu, kidogo tu. Gia kubwa na pinioni hazihitaji kuogeshwa.

Namna ya kupima pinioni ni rahisi. Pima kipenyo cha nje, ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili, kwa milimita. Gawanya kwa idadi ya meno ukiongeza mawili. Pinioni ya meno 20 ya moduli 0.6 ina milimita 13.2. Ya 48 yenye meno 20 ina 11.6. Ya kipimo cha 64, yenye meno madogo zaidi, ina 8.7. Ukipata jibu karibu na 0.6, ni yenyewe. Ukipata 0.53, ni ya 48 na haina kazi kwenye TT-01. Ukipata 0.4, ni ya 64 au moduli 0.4, nazo ni za magari mengine kabisa. Kipimo cha venia (kalipa) ndicho bora, lakini rula iliyopigwa picha pembeni ya pinioni inatosha kutenganisha 13.2 na 11.6. Omba picha hiyo. Omba pia picha ya skrubu inayobana pinioni, ionekane imekaa juu ya ule upande bapa wa shafti. Kichwa cha skrubu kikiwa kimeviringika, pinioni haitatoka bila kukatwa, na ukiikata ovyo unapinda shafti ya mota.

Kuna wanaosema "uwiano mkali", yaani wenye namba ndogo kama 5.72, ndio mashindano. Si hivyo, na kosa hilo ndilo linalounguza mota. Uwiano wa 5.72 unaoendana na mota ya kawaida ni mauti kwa mota kali ya kaboni ya mizunguko 12 (idadi ya mara waya umezungushwa ndani ya mota), au kwa mota isiyo na kaboni ya 3300Kv (mizunguko 3,300 kwa dakika kwa kila volti). Mota kali huzunguka haraka kwa kuvuta ampea nyingi, na ukiinyima upunguzaji wa gia inakuwa kama inasukuma gari mlimani muda wote. Ampea zinageuka joto, kaboni zinaungua, komyuteta (silinda ya shaba inayosuguliwa na kaboni) inageuka rangi ya samawati na nyeusi. Kwa mota za aina hiyo, anza kwenye 8.35 au juu zaidi. Kimbiza dakika mbili au tatu, simamisha, pima joto la kopo la mota. Likiwa chini ya nyuzi 70 za Selsiasi, ongeza jino moja la pinioni, kisha urudie. Likizidi 80, rudi nyuma. Kisumu yenye joto la mchana la nyuzi 30 mota huanza ikiwa tayari imepata moto, na Nakuru iliyo juu ya mita 1,800 hewa ni nyepesi na hupoza kidogo kuliko pwani, kwa hiyo namba za gia unazosoma kutoka Ulaya usizinakili jinsi zilivyo.

Mwulize basi: mota ni ya mizunguko mingapi, na uwiano ni upi? Akikutajia mota ya mizunguko 12 na gia 55 kwa 25, anauza mota iliyoungua au itakayoungua mikononi mwako. Kopo la 540 halisi lina kipenyo cha milimita 36 hivi na urefu wa kama 50. Kibandiko cha "resi" hakibadilishi kitu. Ukitazama kwenye matundu ya nyuma kwa tochi ya simu ukaona komyuteta nyeusi yenye mikwaruzo na kaboni mpya zinazong'aa, ujue kaboni zimebadilishwa ili kuficha uzee, na kaboni mpya kwenye komyuteta mbovu hazidumu.

Betri nazo. Betri ya NiMH (ya nikeli) ya seli sita ya volti 7.2, ikiwa kweli ni ya 5000mAh, ina uzito wa gramu 400 hivi. Ya gramu 280 haiwezi kuwa na 5000, hata karatasi ya nje iseme nini. Ukiwa na betri mkononi, ichaji ijae, unganisha balbu ya taa ya breki ya gari ya volti 12 na wati 21, upime ampea kwa multimita. Kwa volti 7.2 itavuta ampea 1.3 hivi. Betri ya 5000 inapaswa kuiwasha saa tatu na nusu au zaidi. Zima volti zikifika 5.4, usizishushe chini ya hapo. Ikizima baada ya dakika 40, ina chini ya 1000.

Kwa LiPo (betri ya lithiamu) ya seli mbili mambo ni mazito zaidi kwa sababu moto uko karibu. Ikijaa ni volti 8.4, na ikihifadhiwa ni 7.6 hivi. Ukiipima ukakuta chini ya 6.0, usiinunue wala usijaribu kuifufua. Iliyovimba, usiibebe ndani ya matatu. Kagua pia maungio ya kasha gumu: yakiwa na gundi mpya, huenda ndani kuna seli za kompyuta za mkononi. Seli nne za aina hiyo zina gramu 180 hivi, wakati betri halisi ya 5000 huwa kati ya 250 na 300. Seli za kompyuta hazijaumbwa kutoa ampea 20 au 30 kwa ghafla, kwa hiyo gari huondoka vizuri, kisha hukatakata ukibonyeza mafuta yote. Jambo jingine: vidhibiti mwendo vya zamani vilitengenezwa enzi za NiCd (betri za nikeli za zamani) na havikati umeme LiPo inaposhuka. Gari la zamani likiuzwa na LiPo, muulize kidhibiti chake hukata kwenye volti ngapi. Na chaja ya NiMH haichaji LiPo, kamwe.

Beringi kamili maana yake ni beringi za chuma kila mahali magurudumu na shafti zinapozunguka. Atoe gurudumu moja, apige picha. Ukiona duara jeusi la plastiki ndani ya kitovu, hizo ni bushi, yaani vipete vitupu vya plastiki, si beringi.

Rimoti za 27MHz zinahitaji jozi ya kristali, moja ya rimoti na nyingine ya risiva, na haziwekwi kinyume. Kristali moja ikikosekana, hamna mawasiliano. Video anayotuma huwa ya magurudumu yakizunguka hewani, ambayo haithibitishi lolote kuhusu gia, kwani hata gia iliyonyolewa nusu huzungusha magurudumu yasiyo na mzigo. Taka video moja isiyokatwa: rimoti na gari kwenye fremu moja, karatasi yenye jina lako na tarehe, kisha gari liwekwe chini liondoke kwa nguvu, lisimame na kuondoka tena mara kadhaa. Gia mbovu hutoa mlio wa kuruka meno palepale linapoondoka.

Kuhusu malipo, usitume malipo ya kushikilia. Akisisitiza, tazama jina linalojitokeza kwenye M-Pesa kabla ya kuthibitisha. Likiwa tofauti na alilokupa, katisha. Risiti ya mzigo anayokutumia, piga simu ofisi ya matatu iliyoandikwa juu yake uulize namba hiyo, kwa sababu risiti moja imetumika kwa wanunuzi tofauti. Ujumbe wa "mzigo umeshikwa, ongeza pesa utolewe" ni muendelezo wa wizi uleule. Nakuru na Kisumu si mbali kiasi cha mtu kukosa kukutana na mnunuzi ofisini kwa wasafirishaji, afungue kifuniko cha gia mbele yake, kisha alipwe.

Aliyekwisha kutuma, sambaza ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja, kwani kurudisha huwezekana tu pesa zikiwa bado hazijatolewa. Peleka namba ya tapeli kwa 333. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu upewe namba ya OB, ukiwa na ujumbe wa muamala, mazungumzo yote na picha za tangazo, usivifute hata akikuomba "tumalizane". Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inahusu udanganyifu wa namna hii.

Na kama gari limekwisha kufika na pinioni si sahihi, usiliwashe kwanza. Legeza mota, toa pinioni, safisha grisi yote kwa brashi, hesabu meno ya gia kubwa ukitafuta yaliyoliwa ncha. Gia kubwa ikiwa nzima, pinioni ya chuma ya moduli 0.6 yenye meno 19 inalirudisha gari kwenye 8.35, na kwa mota ya kawaida hapo ni pa salama pa kuanzia. Ile ya zamani usiitupe: iweke na rula, ipige picha, uiambatishe kwenye malalamiko yako.