Goma la baba ukutani: uzoefu wangu wa kuagiza picha ya kuchora Lamu

Mwaka jana mimi na dada zangu wawili tulichanga pesa tumwagizie mama picha ya goma, ngoma ya wanaume wa Lamu. Baba alipofariki, mama alihamia kwangu Mombasa, na Maulidi yakikaribia hakuwa na mazungumzo mengine ila wanaume wa Lamu na bakora zao pale nje ya msikiti wa Riyadha, baba akiwa kwenye safu. Picha ya baba akicheza tunayo moja tu, ya harusi ya kaka yangu. Ilipigwa kwa simu ya zamani, imefifia, na nusu ya uso wake imefunikwa na kofia ya mtu mwingine.

Mchoraji tuliyempata ni kijana wa Lamu, kazi yake anaifanyia ghorofani mtaa wa Langoni. Bei tuliyokubaliana ni shilingi 35,000 kwa picha ya sentimita 120 kwa 90, fremu ikiwemo, nusu tutangulize na nusu kazi ikiisha. Si pesa ndogo kwetu.

Nilimpelekea ile picha ya simu nikidhani ataikopi tu. Aliitazama, akaiweka kando, akaanza kuniuliza. Baba alikuwa akisimama na nani? Bakora aliishika wapi, juu kabisa au chini kidogo? Kanzu yake ilifika kwenye kifundo cha mguu au ilikuwa juu zaidi? Nikamweleza kwamba goti la kushoto lilikuwa likimsumbua, kwa hiyo safu ikiinama pamoja na kuinuka pamoja, yeye aliinuka nyuma ya wenzake kidogo. Hilo aliliandika.

Hata hivyo mchoro wa kwanza wa penseli ulikuwa na kosa, na kosa kubwa. Mimi sikuliona. Sisi wasichana goma tulilitazama kutoka juu, madirishani, hatukuwahi kusimama humo. Ikabidi nivunje siri nimwonyeshe mama. Alivaa miwani, akatazama, akasema: "Ndoo mwanangu, tizama. Hili si goma. Hawa wacheza kirumbizi."

Kweli. Bakora zilikuwa zimeinuliwa kama za watu wanaotaka kupigana, na hiyo ni kazi ya kirumbizi: wawili wanaingia uwanjani na fimbo, mmoja anashambulia, mwenzake anakinga, zumari likiwachochea. Goma ni utulivu. Wanaume wamevaa kanzu, wamepanga safu, bakora zinakwenda kwa pamoja polepole, na anayeharakisha ndiye anayeharibu. Mama alisema baba angeona haya kuchorwa vile.

Nilimpigia mchoraji nikiwa na wasiwasi, maana wapo mafundi ukiwakosoa wanakasirika. Huyu aliomba azungumze na mama. Walikaa kwenye simu kama nusu saa, yeye akimwita mama na kumwuliza, mama akimweleza na mkono wake mwenyewe ukipanda na kushuka hewani kana kwamba anaonekana. Kijana akaufuta mchoro wote. Akaenda kukaa kwenye goma la harusi jioni mbili, akarudi na karatasi zimejaa mikono na miguu, akaanza upya. Hakuongeza hata shilingi. Kwa jambo hili peke yake ningemwagizia tena.

Kuhusu picha yenyewe: kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa ni mtihani, nyeupe juu ya nyeupe. Yeye vivuli vya kanzu amevitia buluu hafifu, na ukuta ameupa umanjano wa jua la alasiri, basi kila mtu amejitenga na mwenzake. Kitambaa ni tanga kuukuu la jahazi. Alilirowesha kwenye maji matamu siku kadhaa kutoa chumvi, akalipaka rangi nyeupe ya chini mara mbili, ndipo akaingiza akriliki. Mshono wa tanga hakuuficha, unakatiza juu ya vichwa vya wachezaji kama upeo wa bahari. Dada yangu mkubwa hakuupenda. Mimi naupenda sana.

Baba ni wa nne kutoka kushoto. Wenzake wamekwisha kuinuka, yeye bado goti limekunja kidogo.

Yaliyoniudhi niyaseme pia. Aliahidi wiki 6, zikawa 9, na kila mara mimi ndiye niliyepiga simu; kazi ya mikono inachelewa, naelewa, lakini ujumbe mmoja ungetosha. Fremu ya mbambakofi ni nzito na nzuri, ila kona moja ilikuja na ufa, nikamlipa seremala wa hapa aizibe. Picha aliiviringisha rangi ikiwa upande wa nje ili isipasuke, akaiweka ndani ya bomba la plastiki. Ilivuka kwa boti hadi Mokowe, ikapanda basi, ikafika salama. Ukiagiza, mwambie asafirishe fremu ikiwa vipande, mwisho wa safari ndiyo iungwe.

Sasa shangazi yangu naye anataka yake, ya wanawake wakipiga vugo, pembe na vijiti mikononi. Sharti lake ni moja: nyuso zisitambulike, kwani mchezo ule ni wa ndani, si wa kuonyeshwa wanaume. Mchoraji amependekeza awachore kwa nyuma, leso mabegani, na pembe zimeinuliwa juu ya vichwa. Shangazi ameshatuma nusu ya pesa, na mama ameomba mchoro wa penseli uanze kupita kwake.