Faili la CODEOWNERS la GitHub na Kazi ya Kumpata Mkaguzi Anayefaa

Mtu anapotuma mabadiliko yake ya kwanza katika mradi wa programu huria, kinachomvunja moyo mara nyingi ni ukimya, kwa kuwa kila msimamizi hudhani mwenzake atayapitia. Tangu Julai 2017, GitHub, tovuti ambako msimbo wa programu huhifadhiwa na kushughulikiwa kwa pamoja, imekuwa ikitoa dawa ya tatizo hilo kupitia faili dogo la maandishi liitwalo CODEOWNERS, nami nalihesabu kuwa miongoni mwa huduma zake bora, ingawa lina upungufu usiofaa kufumbiwa macho.

Faili hilo hukaa kwenye mzizi wa hazina ya msimbo, au ndani ya folda ya .github au ya docs, na kila mstari wake hutaja sehemu fulani ya msimbo na watu au timu inayohusika nayo. Mabadiliko yakigusa sehemu hiyo, mfumo huwaomba wahusika moja kwa moja wakague. Panapohitaji umakini ni mpangilio wa mistari, kwa sababu mstari wa mwisho unaolingana ndio unaoshika. Ukiandika juu kwamba /docs/ ni ya @mradi/nyaraka, kisha chini kabisa ukaweka nyota peke yake (*), yaani mafaili yote, na kuikabidhi @mradi/wasimamizi, hata sahihisho la herufi moja kwenye mwongozo litapelekwa kwa wasimamizi, na timu ya nyaraka haitaombwa chochote. Kanuni za jumla hazina budi kutangulia, na zile mahususi zifuate.

Mzigo nao unaweza kugawanywa: ndani ya timu, mfumo huteua mkaguzi kwa zamu, au humtazama aliyepewa kazi chache katika siku za karibuni. Hilo limefanywa vizuri.

Kinachonisumbua ni kwamba faili hili linachanganya ujuzi na mamlaka. Mtu asiye na ruhusa ya kuandika kwenye hazina hawezi kuwekwa humo, hata kama yeye ndiye anayeifahamu sehemu hiyo kuliko wote, na sharti hilo ni zito kwa miradi inayotegemea watu wa kujitolea. Kubernetes, mradi mkubwa wa programu huria, imelitatua jambo hili kwa busara zaidi: mafaili yake ya OWNERS, yaliyotawanywa katika folda mbalimbali, hutenganisha wakaguzi na waidhinishaji, hivyo mchangiaji anayekua huanza kwa kukagua na kuandika /lgtm (“naona ni sawa”) kabla hajakabidhiwa uzito wa /approve (kuidhinisha). Mradi wa Linux nao una get_maintainer.pl, programu inayosoma kiraka (faili la mabadiliko yaliyopendekezwa), ikakilinganisha na faili la MAINTAINERS, na inaweza pia kuchungulia historia ya Git, mfumo unaotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, ili kuona ni nani aliyeigusa sehemu hiyo hivi karibuni. CODEOWNERS haiangalii historia hata kidogo. Mtu aliyeacha kushughulika na sehemu fulani miaka mitatu iliyopita ataendelea kuombwa mpaka mtu akumbuke kulifuta jina lake.

Kwa mradi mdogo au wa wastani wenye wasimamizi wanaofahamiana, nalipendekeza bila kusita, ilimradi tawi kuu (toleo rasmi la msimbo) liwekewe sharti kwamba mabadiliko hayaunganishwi bila idhini ya wenye msimbo waliotajwa humo. Pasipo sharti hilo, ombi la ukaguzi hubaki kuwa taarifa tu, na yeyote mwenye ruhusa anaweza kuyaunganisha kabla mhusika hajayasoma.