Kitabu cha Kanuni cha Kununua Kwanza: Mpangilio Wangu kwa Meza Inayoanza

Makundi mengi yanayoanza michezo ya kuigiza wahusika mezani hununua vitabu vingi mno, tena mapema mno. Matokeo yake, kikao cha kwanza kinaliwa na ubishi: mmoja amesoma kanuni za 2014 za mchezo wa Dungeons & Dragons, mwenzake za 2024, na kila mmoja ana ukurasa wa kuonyesha. Kwa hiyo kabla sijahesabu aina za wahusika zilizomo kitabuni, naangalia kama kitawaweka wote mezani kwenye kanuni moja.

Nafasi ya kwanza naipa Player's Handbook ya 2024 ya Dungeons & Dragons. Nakala moja inatosha meza nzima. Ina fani 12, yaani aina za wahusika kama mpiganaji au mchawi, kila moja na matawi manne ya kubobea, na kundi haliwezi kuyamaliza upesi. Kinachoniridhisha zaidi ni jinsi ilivyokata mabishano ya siku nyingi. Chukua dawa ya kuponya: katika toleo la 2014, kuinywa kulimaliza tendo lako la zamu, kwa hiyo meza nyingi zikajitungia kanuni kwamba ni tendo la ziada tu, lile dogo linalofanywa pamoja na tendo kuu. Toleo jipya limeiandika hivyo rasmi.

Kwenye kuunda mhusika ndiko kulikobadilika sana. Zamani nyongeza za sifa zilitoka kwenye jamii ya mhusika: nusu-orki, mwenye damu ya orki, wale viumbe wenye nguvu wa hadithi, alipewa nguvu 2 na ustahimilivu 1, basi aliyetaka kumfanya mchawi, anayetegemea akili, alianza nyuma ya wenzake. Sasa nyongeza zinatokana na maisha aliyoishi kabla ya safari. Orki aliyekuwa msomi anaongeza akili kama msomi mwingine yeyote. Wapo wanaolalamika kwamba jamii zote zimekuwa na ladha moja, na hoja yao ina uzito, kwa sababu kila aliyekuwa askari, awe wa jamii yoyote, sasa anasukumwa kwenye sifa tatu zilezile. Hata hivyo naunga mkono toleo jipya: mchezaji mwenye hadithi nzuri ya orki msomi haadhibiwi tena kwa kuipenda. Ila kama mwendesha mchezo wenu, yule anayesimulia hadithi na kusimamia kanuni, tayari anatumia 2014, bakini huko wote. Kuchanganya matoleo ndiko kunakoleta ugomvi.

Ya pili ni Player Core ya Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, iliyotoka 2023. Fani ni 8 tu, lakini karibu kila ngazi mhusika anayopanda inakupa kitu cha kuchagua, kwa hiyo wapiganaji wawili wanaweza kufanana kwa jina la fani tu. Kila zamu una matendo matatu, basi. Nalipenda pia jibu lake kwa swali linalozuka kila meza: ukipata 20 kwenye dadu ya pande 20, umefaulu moja kwa moja? Kwenye Dungeons & Dragons uhakika huo ni wa shambulio; kwa kupanda ukuta au kumshawishi mfalme, kanuni haikuahidi chochote. Pathfinder ina daraja nne za matokeo, na 20 hukupandisha daraja moja, popote unapopimwa. Kanuni zake zinasomeka bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys, kwa hiyo jaribuni kwanza, mnunue mkishaipenda.

Maboksi ya kuanzia nayaweka ya tatu. Yanafaa pale ambapo hakuna hata mmoja aliyewahi kucheza, maana dadu zimo na mara nyingi wahusika wapo tayari. Lakini lile la Dungeons & Dragons la 2014 halifundishi kuunda mhusika wako mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanaponogewa.

Dadu mtazihitaji kwa vyovyote: seti ya 7, kuanzia ya pande 4 hadi ya pande 20. Kama pesa ni za dadu tu, kanuni za msingi za Dungeons & Dragons nazo zimewekwa bure chini ya leseni ya Creative Commons, ila kila fani ina tawi moja tu.

Mwisho kabisa ni vitabu vya nyongeza vyenye matawi na uchawi zaidi. Katika toleo la 2024 kila fani huchagua tawi ikifika ngazi ya 3, kwa hiyo mhusika mpya hana haja navyo. Akikaribia ngazi hiyo na bado hajaona tawi linalomfaa kwenye kitabu kikuu, hapo nunueni kimoja, baada ya mwendesha mchezo kukubali kukitumia.